"Subiri Itoke Kwanza": maneno kwa watafiti chipukizi wa Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mlioketi safu ya mbele, shikamooni. Wadogo zangu mnaosoma uzamivu na ninyi wahadhiri wasaidizi mliojaa huko nyuma, habari za asubuhi.

Nitaanza na habari ya kisima.

Nilipokuwa nafanya utafiti wangu wa uzamivu nilipita mitaa ya Temeke na Mbagala nikichota sampuli za maji ya visima. Kazi yenyewe mnaijua: boksi la barafu begani, chupa zenye lebo, na fomu ya ridhaa ambayo mwenye nyumba anatia sahihi bila kuisoma kwa sababu amekuangalia usoni akakuamini. Nyumba moja ya Mbagala kisima kilikuwa hatua chache tu kutoka choo cha shimo, kama ilivyo kwa visima vingi vya huko ambako viwanja ni vidogo na nyumba zimebanana. Mama mwenye nyumba alinishikia dumu nilipokuwa nasuuza chupa. Mgongoni amembeba mjukuu wa miezi minne hivi, mtoto wa maziwa ya kopo, mama yake amesharudi kazini. Nilipofunga chupa ya mwisho akaniuliza: "Mwanangu, haya maji tumpe mtoto au tusimpe?"

Nikamjibu, "Mama, majibu yakitoka nitawaletea."

Maji yale yalikuwa na naitreti, kemikali inayotokana na kinyesi na mbolea, kuzidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 50 kwa lita. Mtu mzima anaweza kuyanywa muda mrefu asione kitu. Mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo ni habari nyingine: naitreti ikizidi, damu yake inaweza kushindwa kubeba oksijeni, midomo na ngozi vikageuka rangi ya bluu. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kuchemsha hakuondoi naitreti. Maji yanapopungua kwa mvuke, naitreti inabaki palepale sufuriani, ikizidi kukolea. Mama yule alikuwa anachemsha kila siku, kwa bidii, kama tulivyofundishwa sote tangu shule ya msingi.

Jibu lake nilikuwa nalo ndani ya wiki 3. Nilimpelekea baada ya miezi 22.

Sikumsahau. Nilikuwa namkumbuka kila nilipopita Rangi Tatu. Ila niliambiwa nisubiri. "Subiri itoke kwanza," niliambiwa, maana yake makala, "ukisema mapema jarida litaikataa." Nami nilikuwa mwanafunzi. Aliyeniambia alikuwa mtu niliyemheshimu, na saini yake ndiyo ingeniruhusu kuhitimu. Nikasubiri.

Nimealikwa nizungumzie udhaifu wa mawasiliano ya kitaaluma. Ningeweza kuwapa mada ya majarida na wachapishaji kuanzia 1665, jarida la Royal Society lilipoanza kuchapwa London, hadi leo. Sitafanya hivyo. Ninalo moja tu la kuwaambia: mfumo huu tulioukuta umekuwa hodari wa kumpima mtafiti na mzito wa kufikisha jibu, na anayebeba uzito huo ni mtafiti chipukizi pamoja na yule mtu aliyemshikia dumu.

Tuanze na hilo la kusubiri, kwa kuwa linatesa wengi humu ukumbini. Asili yake ipo. Mwaka 1969 mhariri wa jarida kubwa la tiba la Marekani, Franz Ingelfinger, aliweka kanuni kwamba jarida lake halitachapisha kazi iliyokwisha kutolewa mahali pengine. Majarida mengine yakaifuata, na ikashuka kutoka kizazi hadi kizazi mpaka ikafika kwetu ikiwa imevimba, kwamba ukifungua mdomo umeharibu. Sivyo ilivyo leo. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba inasema wazi kuwa kuwasilisha matokeo kwenye kongamano hakuizuii makala kuchapishwa, na kwamba jambo la dharura kwa afya ya umma lisicheleweshwe kwa ajili ya jarida. Watu wa fizikia wana arXiv, hifadhi ya makala mtandaoni, tangu 1991; wanaweka makala hadharani kabla haijahakikiwa na wataalamu wenzao, na majarida yao hayajafa. Watu wa biolojia walipata ya kwao 2013, watu wa tiba 2019. Bara letu lilipata AfricArXiv 2018. Kwa hiyo mtu akikuambia "subiri itoke kwanza", mwombe kwa adabu akuonyeshe kanuni ya jarida hilo imeandikwa wapi. Mara nyingi haipo. Mimi sikuuliza, na hilo ndilo ninalojutia kuliko lolote katika kazi yangu.

Miezi 22 ilikwenda wapi? Miezi 5 ya kwanza makala ilikaa kwenye meza za watu wanaotakiwa kuweka majina yao. Majina yalikuwa 7. Kati yao 2 sikuwahi kuwaona kisimani wala maabara wala kwenye rasimu. Mnacheka kwa sababu mnawafahamu wa kwenu. Lakini tulitazame sawasawa: jina kwenye makala ni tamko kwamba mtu huyu alifanya kazi na yuko tayari kuwajibika kwayo. Mhadhiri msaidizi anayeogopa kusema "huyu hakushiriki" anafundishwa, mapema kabisa, kwamba ukweli una mipaka yake ofisini. Siwaambii mgombane na wakubwa. Nawaambia mkae nao kabla kazi haijaanza, chai ikiwa mezani na hakuna aliyekasirika, mwandike kwenye karatasi moja nani atafanya nini na jina la nani litatangulia. Karatasi hiyo huwalinda hata wao.

Nina mfano wa nyumbani kuhusu jambo hili. Mnamfahamu Erasto Mpemba kwa jina. Nataka mumsikie vizuri. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto. Vijana walikuwa wanatengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa na sukari, wanaacha yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji. Nafasi kwenye friji ilikuwa ndogo, Mpemba akaona akisubiri atakosa, akayaweka yakiwa moto. Yake yakaganda mapema kuliko ya mwenzake ambaye hakuyachemsha kabisa. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Likizo, Tanga mjini, rafiki yake muuza aiskrimu akamwambia kuwa wao huyaweka yakiwa moto ili yagande upesi. Elimu hiyo ilikuwa mtaani, mikononi mwa wauza aiskrimu, haina mtu wa kuiandika. Alipofika sekondari ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Darasa likageuza maneno hayo kuwa wimbo wa kumkejeli.

Kisha akaja mgeni shuleni, Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo chetu hapa Dar es Salaam. Mpemba akasimama akauliza swali lilelile mbele ya wanafunzi: vyombo viwili, maji kiasi kimoja, moja ya nyuzi 35 na jingine ya nyuzi 100, mbona la moto linaganda kwanza? Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kuwa ni kweli, maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi.

Nitarudi kwa fundi huyo. Kwanza tazameni makala iliyotoka 1969 katika jarida la Physics Education. Waandishi ni wawili: E. B. Mpemba na D. G. Osborne. Jina la kijana limetangulia, na sehemu ya mwanzo ya makala ni masimulizi yake mwenyewe, kwa maneno yake, akiwa tayari yuko chuo cha Mweka anasomea wanyamapori. Daktari wa fizikia alikuwa na maabara, na fundi, na mashine ya kupiga chapa. Angeweza kumtaja Mpemba kwenye mstari wa shukrani na hakuna ambaye angemlaumu. Leo dunia nzima jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba. Walimu wangu wa safu ya mbele, nawaomba mkumbuke mpangilio wa majina hayo mawili mnapoletewa rasimu na mwanafunzi.

Na jambo lenyewe bado halijaisha. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walichapisha vipimo vyao wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha, na kwamba kipimajoto kikiwekwa juu au chini kidogo tu kinaweza kuzaa tofauti kama hizo. Wengine hawakukubaliana nao. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Miaka 47 baadaye mtu anakujibu, hadharani, kwa vipimo. Hilo lisingewezekana kama swali lingebaki kuwa kejeli ya darasani Iringa.

Sasa yule fundi. Alisema kwa sauti jambo ambalo wengi wetu tunalifanya kimya kimya: tunarudia mpaka tupate tunachokitarajia, na kisichotarajiwa kinabaki kwenye daftari. Majarida yanapenda matokeo yaliyo "chanya". Mwanafunzi aliyejaribu dawa ya mitishamba kwa miaka 3 akakuta haina nguvu, anaona aibu kuandika. Lakini mwanafunzi wa Dodoma na mwingine wa Mbeya watajaribu mmea huohuo, kwa fedha ileile ya umma, kwa sababu hakuna aliyewaambia. Kama una matokeo ya aina hiyo, yaandike. Yako majarida yanayoyapokea, na hazina za kidijitali za vyuo vyetu zinayapokea pia.

Turudi kwenye miezi yangu 22. Mhakiki wa kwanza alituma aya 2. Ya pili ilisema makala isomwe na mzungumzaji mzawa wa Kiingereza. Hakuonyesha sentensi hata moja iliyomkwaza. Nilikaa na aya hiyo wiki nzima nikisoma sentensi zangu kama mtu anayetafuta chawa kwenye shuka. Kumbe si mimi tu. Utafiti uliochapishwa 2023, uliowahoji watafiti 908 wa sayansi ya mazingira kutoka nchi 8, ikiwemo Nigeria, ulikuta kwamba wasiozaliwa na Kiingereza hutumia takriban nusu muda zaidi kuandika makala, na hukataliwa kwa sababu ya lugha mara 2 na nusu kuliko wenzao. Huo ni muda wa kisima. Ni muda wa mama na mjukuu wake. Na wengi hulipa pia fedha za kusafishiwa lugha, kutoka kwenye mshahara ambao nauli na kodi ya nyumba vimekwishaula.

Fedha. Hapa nitakwenda upesi kwa sababu hasira yangu haiwasaidii. Desemba 2001 huko Budapest watu walikaa, na katika tamko lao la 2002 wakasema elimu iwe wazi kwa kila msomaji, na lilikuwa jambo jema. Wachapishaji wakahamisha mzigo: msomaji asipolipa, mwandishi atalipa. Jarida la Nature lilipofungua njia hiyo 2021 liliweka ada ya yuro 9,500 kwa makala moja, zaidi ya shilingi milioni 20. Misamaha ipo, lakini sikilizeni vizuri. Julai 2020 Benki ya Dunia ilituhesabu kuwa nchi ya kipato cha kati, ngazi ya chini, na wapo wachapishaji ambao kwa orodha hiyo hutupa punguzo la nusu tu badala ya msamaha kamili. Nusu ya mamilioni bado ni mamilioni. Omba msamaha wakati unawasilisha makala, kwa maandishi, usingoje ikubaliwe; majarida mengi hayapokei ombi lililochelewa. Na upande wa kusoma, kabla hujasema hakuna makala, nenda kwa mkutubi. Mpango wa HINARI wa Shirika la Afya Duniani, unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu, ulianza 2002, sasa uko chini ya Research4Life pamoja na wenzake wa kilimo, mazingira na teknolojia, na taasisi nyingi za hapa nchini zimesajiliwa. Nimekutana na wanafunzi wa mwaka wa tatu wa uzamivu ambao hawajawahi kuomba nywila.

Penye mlango mgumu hutokea wenye kuuza mlango wa bandia. Zile barua pepe za saa nane usiku, "Mheshimiwa Profesa, makala yako bora tutaitoa ndani ya siku 5", mhadhiri msaidizi anaisoma na moyo unaruka. Mwaka 2013 mwandishi wa habari wa jarida la Science, John Bohannon, alitunga makala ya uongo yenye makosa ya wazi akaituma kwa majarida 304 yanayomtoza mwandishi ada. Yaliyoikubali ni 157. Kuna jambo ndani ya jaribio hilo linaloniuma mpaka leo: majina ya waandishi wake wa kubuni aliyatunga yawe ya Kiafrika. Nisingependa jina la Kiafrika liwe alama ya kazi ambayo hakuna atakayeichunguza. Ndiyo maana nawasihi: kabla hujatuma makala, soma makala 3 za jarida hilo, angalia kama lipo katika DOAJ, orodha ya majarida ya wazi duniani, au AJOL, ile ya majarida ya Afrika, mwandikie mhariri mmoja umuulize kama kweli yumo. Na usidhani jina kubwa linatosha. Mwaka 2023 makala zaidi ya 10,000 zilifutwa duniani, na sehemu kubwa ilitoka katika majarida ya kundi moja lililokuwa chini ya mchapishaji mkubwa anayeheshimika.

Kwa nini tunaangukia humo? Kwa sababu ya alama. Kanuni za kupanda daraja zinahesabu machapisho, na aliye chini hana muda wa kungoja. Impakti fakta, ile namba tunayoisaka inayoonyesha makala za jarida hunukuliwa mara ngapi kwa wastani, Eugene Garfield aliibuni kusaidia kuchagua majarida. Haikukusudiwa kumpima mtu. Azimio la San Francisco kuhusu kutathmini utafiti, lililoandaliwa mwishoni mwa 2012, linasema hivyohivyo: soma kazi yenyewe, usihukumu kwa jina la jarida. Serikali yetu imeweka tuzo kwa wanaochapisha katika majarida makubwa ya kimataifa, nami nawapongeza walioipata. Naomba tu, kwa walimu wangu mnaokaa kwenye kamati, siku ile faili la kijana likifika mezani, ulizeni pia: aliyetoa data amejibiwa? Karatasi ya Kiswahili iliyobandikwa ofisi ya serikali ya mtaa ipewe alama, hata kama ni nusu alama. Kuandika taaluma kwa Kiswahili hatujaanza jana. Jarida la Mulika linatoka Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tangu 1971, na makala zake zinahakikiwa na wataalamu. Istilahi zipo. Zinazokosekana tutaziunda, kama walivyofanya waliotutangulia.

Makala yangu ilitoka mwezi wa 22. Siku hiyo nilibofya jina langu mwenyewe, ikaniomba dola ndipo niisome. Nikaichapa nakala ya mhariri niliyokuwa nayo, nikaandika ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa herufi kubwa, nikapanda daladala ya Mbagala.

Mtoto alikuwa anatembea. Mzima, alhamdulillahi, anakimbiza kuku uani. Mama alinifahamu kabla sijavuka kizingiti. Nikamsomea karatasi, nikamweleza habari ya kuchemsha. Alinyamaza kidogo, akaniambia: "Mimi nilijua ni mazuri. Nikasema yangekuwa mabaya, yule binti angerudi."

Miezi 22 alikuwa ameshapata jibu kutoka kwangu. Ukimya wangu aliusoma kuwa jibu, na jibu lenyewe halikuwa kweli.

Karatasi ile ninayo hapa, nimetoa nakala, iko kwenye meza ya mlangoni karibu na birika la chai. Ni mistari 14. Ina namba ya kisima, kipimo, kiwango kinachokubalika, nini kifanyike kwa maji ya mtoto, na simu yangu. Ilinichukua jioni moja kuiandika, na hakuna jarida lililonikataza.

Baada ya chai nitabaki chumba kile cha mkono wa kulia mpaka saa kumi. Mwenye barua ya mhariri iliyomkatisha tamaa aje nayo tuisome pamoja. Mwenye rasimu inayongoja majina aje nayo. Na yeyote ambaye kuna mtu mtaani alimwambia "nitawaletea", aje na daftari la data na kalamu, tutaanza na huyo.